Nakala Isiyorudishwa

Tamsin wa maktaba ndiye aliyeleta balaa, tena kwa nia njema. Jumatano asubuhi alimpigia simu Merrin Hathersage kumsomea majina ya watu kumi na mmoja waliojiandikisha kwa darasa lake la Jumamosi, na alipofika jina la saba akasema Dulcie Vautin. Merrin alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi. Hakukiangusha, msidhani naanza na vituko. Alikiweka mezani polepole, akaomba arudiwe jina, akarudiwa. Dulcie Vautin, yule aliyekuwa dereva wa basi la shule. Hakukuwa na mwingine.

Darasa lenyewe lilitangazwa kwa karatasi ya njano mlangoni mwa duka la mikate na pale kituo cha mafuta: Jinsi ya Kuandika Hadithi Maisha Yote Bila Kukata Tamaa. Na bonde letu zima la Huon, bonde la wakulima wa matufaha, lingekuambia kwamba kama kuna mtu wa kulifundisha jambo hilo, ni Merrin. Miaka kumi na tisa, kila asubuhi kabla ya kwenda kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, alikaa kwenye meza ndogo katika chumba cha kufulia, kati ya mashine na kapu la nguo chafu, akaandika maneno mia tatu. Akiwa na mafua aliandika. Siku aliyomzika baba yake aliandika. Vitabu vitano vilitoka katika chumba kile. Hakuna hata kimoja kilichomtajirisha, lakini watu walivisoma, naye hakuacha.

Wasilolijua watu ni droo ya chini ya meza ile. Ndani yake mlikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kurasa thelathini na moja. Hazikuwa za Merrin. Zilikuwa za Dulcie, na hapakuwa na nakala nyingine duniani.

Nianze mwanzo, maana hili si jambo la kusimuliwa mkia mbele.

Wakati ule palikuwa na kundi la watu sita waliokutana kila Jumatano kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, skonzi na jemu mezani, jiko la kuni likinguruma pembeni. Wote walikuwa watu wa kawaida wenye ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kutaka kuandika. Mwenye zamu aligawa nakala za kazi yake wiki moja kabla. Kila mmoja alikwenda na yake nyumbani akaisoma na penseli mkononi, akaandika pembeni mwa karatasi lolote lililomjia. Penseli, si wino, kwa sababu wino una kiburi. Siku ya kikao waliizungumza kazi hiyo mbele ya mwenyewe, naye alikatazwa kufungua kinywa. Hakuna kujieleza, hakuna kujitetea. Anayesomwa hunyamaza: hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na waliishika kuliko amri za kanisa la jirani. Mwisho kila mtu alimrudishia nakala yake, na yale maneno ya penseli ndiyo aliyokwenda kuyafanyia kazi nyumbani.

Dulcie alikaa mwaka mzima bila kuleta kitu. Alikuja na skonzi, akasikiliza, akaosha vikombe. Siku alipoleta, alileta kurasa thelathini na moja, akazigawa huku hamtazami mtu usoni. Zilihusu madada wawili, Merle na Ida, wanaochambua matufaha katika banda la kufungashia matunda. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: Merle na Ida walisimama uso kwa uso kwa wiki kumi na moja, na hawakutazamana hata mara moja. Wamegombana kwenye mazishi ya mama yao na hawasemeshani. Mkanda wa mashine unapita katikati yao ukiwa na matufaha, nao wanatoa yaliyochubuka. Kisha Ida anaanza kuona vibaya. Macho yanamwishia, matufaha mabovu yanampita, na msimamizi akijua atamfukuza. Basi Merle anaanza kunyoosha mkono hadi upande wa dada yake, akimchambulia yale anayoyakosa, siku baada ya siku, bila neno.

Merrin aliisoma jikoni kwake, amesimama. Wiki hiyo hiyo alikuwa amepata barua kutoka kwa mchapishaji wa Sydney iliyokikataa kitabu alichokihangaikia miaka miwili, na alikuwa ameshaamua moyoni kwamba basi, imetosha, kuandika si kazi yake. Alisoma na penseli ikakimbia yenyewe. Hapa aliandika "Ah!", pale akaandika "Amefanyaje hili?" Ukurasa wa kumi na saba, palipo na ule mkono wa Merle, aliandika "Nimelia." Na chini ya ukurasa wa mwisho akaandika: "Hata nikiandika miaka mia siwezi kuandika hivi."

Alipomaliza alikaa chini, na ndipo kijicho kilipomwingia. Wivu haupigi hodi. Dereva wa basi, mwanamke aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, kuandika hivyo mara ya kwanza! Merrin alihisi kama ameibiwa kitu, wala asiweze kusema ni kitu gani.

Kikao kilipofika watu walimtazama yeye kwanza, kwa kuwa yeye peke yake katika kundi ndiye aliyewahi kuchapishiwa hadithi gazetini. Naye alisema, kwa sauti ya upole, sauti ile ya nesi mwenye sindano:

"Dulcie, ni kumbukumbu nzuri za familia. Wajukuu watazipenda. Lakini sio hadithi, mwenzangu, na sidhani kama itakuja kuwa hadithi. Ningekuwa wewe ningeiweka kando, nisijitese bure."

Wengine wakafuata, kama kondoo wanavyofuata pengo la ua. Mmoja, ambaye Merrin alikuwa na hakika ameipenda, alisema ndiyo, labda ni ndefu mno. Dulcie masikio yalimwiva. Hakusema kitu, sheria ilimfunga mdomo. Mwishowe aliwashukuru wote, akakusanya nakala zake, na alipomfikia Merrin, Merrin alimwambia ameisahau nyumbani kwenye meza ya jikoni, ataileta. Uongo. Ilikuwa kwenye mkoba miguuni pake. Angemrudishiaje, na ile penseli imejaa kila ukurasa?

Dulcie hakurudi tena kwenye kundi. Mumewe, Col, alisimulia pale kituo cha mafuta kwa kicheko kwamba mkewe amezitia karatasi zake motoni pamoja na matawi ya mitufaha, na kwamba karatasi za hadithi huwaka vizuri kuliko magazeti. Merrin alikuwepo akitia mafuta. Alicheka pamoja nao.

Na hapa ndipo penye uozo, wala sitaufunika. Asubuhi iliyofuata kile kikao, Merrin aliamka mapema, akasogeza kapu la nguo, akaandika maneno mia tatu bila woga. Woga wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa amemwona kwa macho yake mtu mwenye kipaji kuliko yeye akilala chini, na yeye akapata nguvu za kusimama. Kule kujiamini kwake ambako watu walikuja kukusifia, asili yake ilikuwa pale. Alilijua hilo kila asubuhi ya miaka kumi na tisa, na goti lake likigusa droo ya chini alilisogeza upesi.

Mbaya zaidi, Dulcie hakumkimbia. Walikutana dukani wakaongea habari za baridi na bei ya kuni. Na kila kitabu cha Merrin kilipotoka, Dulcie alikuja kukinunua siku ya kwanza, akakileta duka la dawa kiandikwe jina lake. Mara tano Merrin aliandika "Kwa Dulcie, kwa upendo," na mara tano alikirudisha bila kumtazama usoni.

Basi Jumamosi hiyo ya Julai alifika maktaba mapema, barafu nyembamba bado imeng'ang'ania majani. Bahasha ilikuwa garini, chini ya kiti. Kwa nini ameileta hakujua. Alijiambia ameileta tu.

Dulcie aliingia wa mwisho, sweta ya bluu aliyoifuma mwenyewe, chupa ya chai kwapani. Miaka sitini na mitano sasa, nywele nyeupe kabisa. Alikaa nyuma karibu na dirisha akamtolea Merrin tabasamu la kawaida, na Merrin akaanza kufundisha haraka haraka kama mtu anayefukuzwa.

Aliwaambia anayoyaamini, na yote yalikuwa kweli. Andika kidogo kila siku, usingoje hamu ije, maana hamu ni mgeni asiyetunza miadi. Usiache kazi inayokulisha. Ukikataliwa leo, kesho andika. Na tafuta msomaji mmoja au wawili unaowaamini, uwape kazi yako. Hapo mzee mmoja mfuga nyuki akauliza atamjuaje msomaji wa kumwamini. Merrin alipanga upya karatasi zake mezani. Akasema watalirudia swali hilo baadaye, akaangalia saa.

Kisha akawapa zoezi alilolipanga wiki mbili nyuma, kabla ya kusikia jina la saba. Kila mtu aandike kwa robo saa ni nini kilichowahi kumfanya aache kuandika, halafu wasome kwa sauti. Alitaka kulifuta, lakini lilikuwa limeshachapwa kwenye karatasi walizogawiwa. Mfuga nyuki alisoma habari za mwalimu aliyemchapa kwa herufi mbaya. Mama mmoja kijana alisoma habari za mapacha. Ikafika zamu ya Dulcie, naye akasimama, ijapokuwa hakuna mwingine aliyesimama.

Alisoma bila madoido. Alisema miaka mingi iliyopita aliandika kitu akadhani ni hadithi, na watu wote aliowaonyesha nyumbani walikisifu kwa kuwa wanampenda. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia ukweli kwamba hana kipaji hicho. Iliuma, alisoma, lakini ilimwepusha kupoteza maisha yake akifukuza kivuli. Sasa amestaafu, na mjukuu wake amemwomba amwandikie mambo ya zamani, basi amekuja kujifunza angalau kupanga sentensi, akijua fika kwamba hayatakuwa mazuri. Halafu akainua kichwa.

"Mtu mwenyewe ni huyu mwalimu wetu," alisema. "Sikuwahi kumshukuru mbele za watu. Asante, Merrin."

Watu walipiga makofi. Tamsin, aliyekuwa ameegemea mlango, aliweka mkono kifuani. Kumi na wawili walimtazama Merrin kwa macho laini, na yeye akatamani sakafu ipasuke. Kulaumiwa angekustahimili. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa miaka kumi na tisa, ana majibu yake kila namna. Kwa kushukuriwa hakujiandaa hata kidogo. Na tusidanganyane, kulikuwa na sehemu yake iliyomnong'oneza: nyamaza tu. Ameridhika. Utamvurugia amani yake ya bure kwa ajili ya nini, ili wewe ulale vizuri? Lilikuwa wazo zuri, lenye heshima zake, na Merrin alikuwa karibu kulishika. Kisha akaona Dulcie anakaa na kuikunja ile karatasi yake mara nne, ikawa ndogo, kama kitu cha kutupwa.

Ilipofika saa ya chakula, wenzao walibaki ndani na pai zao za nyama ya kondoo. Dulcie alitoka akakaa kwenye benchi linalotazama mto, kama alivyokuwa akikaa zamani akingoja watoto wa shule. Merrin alikwenda garini, akarudi na bahasha. Alisimama mbele ya benchi akampa.

"Sikuisahau nyumbani siku ile. Ilikuwa kwenye mkoba. Soma penseli, Dulcie. Nilikudanganya."

Dulcie aliitoa karatasi ya kwanza, akaiangalia kwa muda bila kuelewa. Kisha akaelewa ni nini alichokishika, na mkono ukaenda mdomoni. Alidhani ziliteketea zote. Merrin alianza kueleza: barua ya Sydney, wiki mbaya, alivyokuwa mjinga na mwenye umri mdogo, jambo ambalo halikuwa kweli maana alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Dulcie aliinua kidole kimoja bila kuondoa macho kwenye karatasi.

"Anayesomwa hunyamaza," alisema.

Basi Merrin alinyamaza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alisimama kwenye baridi bila kofia, na Dulcie akasoma kurasa zote thelathini na moja, moja baada ya nyingine, maneno ya chapa na maneno ya penseli. Mara moja alicheka kidogo. Palipoandikwa "Amefanyaje hili?" alipitisha kidole gumba juu ya maneno hayo mara mbili. Tamsin alitoka kuwaita, akawaona, akarudi ndani. Alipofika chini ya ukurasa wa mwisho, Dulcie alisoma ile sentensi ya miaka mia, akaisoma tena, akaziweka karatasi mapajani.

Aliposema, hakupandisha sauti.

"Ida ni mama yangu. Merle ni mamangu mkubwa. Ulijua?"

Merrin alitikisa kichwa. Hakujua; yale ya kumbukumbu za familia aliyasema kwa kudharau tu.

"Nilikuwa naiandika niwasomee wote wawili, nimewakalisha chumba kimoja. Mama hakujua ule mkono ulikuwa wa nani. Aliniambia hadi uzeeni kwamba msimu ule alikuwa na bahati. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kupanga masanduku, nilikuwa naona. Nikasema nikiiandika vizuri, nitawasomea, watasemeshana." Aliweka karatasi sawa kwenye mapaja, kona kwa kona. "Uliponiambia sio hadithi niliona aibu. Nikasema, ningewasomea upuuzi wakanicheka. Mama amekufa huu mwaka wa nane. Mamangu mkubwa alifuata mwaka uliofuata. Hakuja mazishini kwa mdogo wake, Merrin. Alikaa garini nje ya kanisa."

Merrin machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alitaka kusema nisamehe, na alijua kwamba neno hilo lingekuwa la kumpoza yeye, si mwenzake. Sheria ilikuwa bado inafanya kazi. Alishukuru kwamba ipo, kisha akaona haya kwa kushukuru.

"Vitabu vyako vitano nimevisoma," Dulcie aliendelea. "Kila nilipofungua nilisema, huyu ndiye aliyeniambia kweli. Nilikuombea, unajua? Kanisani." Akacheka, na hakikuwa kicheko cha kupendeza kukisikia. "Sasa sijui niyarudishe vipi yale maombi."

Kutoka ndani walisikia viti vinavutwa, watu wanarudi mahali pao. Dulcie alizifungua karatasi tena, akatafuta hadi akafika ukurasa wa kumi na saba. Alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Nipe penseli."

Merrin alikuwa nayo sikioni, kama kawaida yake akifundisha. Alimpa. Dulcie aliinama akasoma ile sehemu ya mkono wa Merle unaovuka mkanda, mdomo ukitembea. Mwishoni mwa aya palikuwa na sentensi inayosema kwamba Ida alilia, machozi yakadondoka juu ya matufaha. Ubavuni mwake ndipo Merrin alipoandika "Nimelia." Dulcie aliikata ile sentensi kwa mstari mmoja mnyoofu, akapuliza vumbi la penseli.

"Hii imezidi," alisema. "Mikono ilishasema kila kitu, machozi ya nini tena? Kwa nini hukuniambia hili?"

Na safari hii alimwangalia usoni, akingoja. Merrin alielewa kwamba ameruhusiwa kujibu. Aliitazama sentensi iliyokatwa. Dulcie alisema kweli, imezidi, na hata siku ile jikoni, katikati ya kilio chake, Merrin aliliona hilo. Lilikuwa kosa moja tu katika kurasa thelathini na moja, kosa dogo ambalo rafiki angelionyesha kwa dakika moja.

"Niliiona," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu ungeirekebisha."

Dulcie aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata hesabu aliyoitafuta siku nyingi na haimfurahishi. Alizirudisha kurasa ndani ya bahasha, akachukua chupa yake ya chai, akainuka akaelekea maktaba. Darasani alikaa mahali pake karibu na dirisha, akatandaza ukurasa wa kwanza, na mchana kutwa hakuinua kichwa. Merrin alisimama mbele akamwambia mfuga nyuki kwamba lile swali lake la asubuhi hana jibu lake, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuaminiwa na hakustahili. Watu wakatazamana. Akawaomba waandike tu.

Saa tisa walipotawanyika, Dulcie alipita karibu naye bila kusimama. Penseli hakuirudisha.